Somo la Uvuvi Litafundishwa kwa Lugha ya Nani?

Mwezi wa Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10. Katika orodha ya masomo ya kiufundi waliyowekewa wachague, limo somo la bahari na uvuvi. Walimu wengi niliozungumza nao walilipitia jina hilo juu juu tu, macho yao yakikimbilia hisabati, fizikia na kompyuta. Mimi nililisimamia, kwani mwaka uliotangulia nilikuwa nimejiandikisha, kwa hiari yangu na kwa fedha zangu, katika mafunzo ya uvuvi ya watu wanaoanza, huko kusini mwa Pwani yetu katika Kaunti ya Kwale. Nimezaliwa bara, kwenye vijito vya kuvukwa kwa kupandisha suruali. Niliyoyaona katika mafunzo hayo yananifanya niulize swali ambalo wakuza mitaala hawana budi kulijibu mapema.

Tulikuwa wanagenzi tisa: walimu wawili wa shule za msingi, karani wa benki, mama mmoja mchuuzi wa samaki, mwanafunzi wa chuo kikuu, vijana watatu wa kijiji kile kile, nami. Hao vijana watatu ndio walionishangaza. Baba zao ni wavuvi, na babu zao walikuwa wavuvi. Iweje mtoto wa mvuvi alipie kufundishwa kutia chambo kwenye ndoana?

Jibu, msomaji mpendwa, limo katika saa. Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika zipatazo 50 kuliko jana yake. Mvuvi hufuata maji. Leo hutoka alfajiri. Baada ya juma moja hutoka adhuhuri. Shule haifuati maji; hufuata kengele. Mtoto aliyeingia darasani kabla ya jua kuchomoza na kutoka jioni, mwaka baada ya mwaka, hupata nafasi ya kwenda baharini na babaye siku zile tu ambazo maji na kengele vimepatana, nazo ni chache. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Vijana hawa walikunjwa, lakini kuelekea upande mwingine.

Mafunzo yalikuwa ya Jumamosi 12. Darasani, yaani katika banda la kupimia samaki, alitufundisha afisa kijana mwenye shahada ya sayansi ya samaki. Majini alitufundisha mzee wa zaidi ya miaka 70, mwenye asili ya Pemba. Babaye alikuja dago, ambayo ni kambi ya msimu ya wavuvi wageni, akapapenda mahali, akalowea. Jamii ya Wapemba wa Kenya ilitambuliwa rasmi kuwa raia mwaka 2023. Kabla ya hapo wengi wao hawakuwa na kitambulisho, na pasipo kitambulisho hata leseni ya kuvua huwa shida kupata. Hivyo mwalimu wetu alivua kwa zaidi ya nusu karne katika nchi ambayo haikuwa na karatasi ya kumtambua.

Siku ya kwanza tuligawiwa kijitabu kilichofasiriwa kutoka Kiingereza. Ukurasa wa tatu ulitaja "maji ya majira ya machipuko". Tulitazamana. Afrika Mashariki haina majira ya machipuko, na hata ingekuwa nayo, jambo lililokuwa likielezwa hutokea kila mwezi. Mfasiri alikuwa ameona neno la Kiingereza lenye maana mbili, akaokota ile isiyohusika. Mzee alipoelezwa kilichokusudiwa alisema neno moja tu: "Bamvua." Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa mno na kupwa mno, hiyo ndiyo bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, tofauti ya kujaa na kupwa hupungua. Hayo huitwa maji mafu. Neno lilikuwapo, limekaa katika kamusi zetu, na kila mtoto wa ufukweni alilijua. Aliyeandika kijitabu hakumwuliza mtu.

Nalo si neno la kupamba insha. Kina cha maji Mombasa wakati wa bamvua huweza kupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3 katika muda wa saa sita hivi. Maji mengi kiasi hicho yakipita katika mlango mwembamba baina ya miamba huwa mkondo mkali, na mkondo ukiwa mkali huna budi kubadilisha chubwi, ile risasi ifungwayo kwenye mshipi ili uzame. Chubwi jepesi litapeperushwa, nawe utakuwa unavua palipo patupu ukidhani unavua chini. Kwa hiyo anayejua mwezi uko wapi anajua, kabla hajatoka nyumbani, atie nini mfukoni. Mwalimu wa fizikia atakayekosa cha kufundisha hapo sijui atakipata wapi.

Jumamosi tatu za mwanzo hatukuondoka pwani. Tulifunga mafundo, tukayafungua, tukayafunga tena tukiwa tumefumba macho, maana mvuvi wa usiku haoni vidole vyake. Ndipo tukaingizwa kwenye ngalawa. Nilitarajia fimbo ya kuvulia kama zile za watalii. Nikapewa mshipi uliozungushwa kwenye kipande cha ubao. "Mwalimu," mzee aliniambia, "mshipi husomwi kwa macho. Upitishe juu ya kidole cha shahada, unyamaze." Nilinyamaza. Kwa dakika nyingi kidole changu hakikuniambia lolote ila uzito wa maji. Kisha kikaanza kusema. Tafi, ambaye mdomo wake ni mdogo na chakula chake kikuu ni majani ya baharini, hudona tu, dona, dona, kama kuku. Ukivuta kwa pupa unapata ndoana tupu. Changu hushika kwa nguvu. Chewa humeza na papo hapo hukimbilia pangoni mwake; ukichelewa kumwinua, amejikita mwambani, na utakachopandisha ni mshipi uliokatika. Na huyo tafi, ukimpata, usimkamate ovyo, kwani miba yake ina sumu ichomayo. Yote haya mzee aliyasema kwa sentensi fupi, huku akiangalia kwingine.

Afisa wetu alifundisha ndoana kwa nambari, na nambari hizo aghalabu huenda kinyume: kadiri nambari inavyokuwa kubwa, ndivyo ndoana inavyokuwa ndogo. Wanagenzi walichanganyikiwa kwa juma zima. Mzee alizipanga ubaoni na kuzitaja: ya tafi, ya changu, ya chewa. Yule mama mchuuzi, ambaye alikuwa hajasema neno tangu asubuhi, akazirudia zote bila kukosea.

Lililonivutia kuliko yote lilikuwa namna ya kutafuta mwamba ulio chini ya maji, usioonekana. Mzee alitwambia tutazame nchi kavu mpaka mnazi fulani usimame sawasawa mbele ya mnara wa msikiti; hapo tulikuwa kwenye mstari mmoja. Kisha tukasogea juu ya mstari huo mpaka, upande wa pili, ncha ya kisiwa ikagusa kilima kilicho nyuma yake; huo ukawa mstari wa pili. Mistari miwili hukutana mahali pamoja, na hapo akatia nanga. Somo hilo limo katika vitabu vya jiometri vya Kenya nzima, na sijapata kuona hata kimoja kilicholieleza kwa mnazi na mnara.

Sasa niruhusiwe kidogo kuingia katika taaluma yangu. Kitenzi vua hutupa mvuvi na uvuvi. Ile v ya pili imetoka wapi, ilhali kitenzi kinaishia na irabu mbili? Waganda husema okuvuba, kuvua samaki. Konsonanti ambayo Kiswahili kiliidondosha katika kitenzi, wao wanayo hadi leo; nasi tumeihifadhi, kwa sura nyingine, katika mvuvi, kama tulivyoihifadhi ile ya iba katika mwivi. Nataka kusema kwamba kuvua si jambo lililoletwa kwetu na kitabu cha kigeni. Lugha za Kibantu zilikuwa na kitenzi hiki kabla ya Kiswahili kuitwa Kiswahili. Kamusi ya padri Mfaransa Charles Sacleux, iliyochapishwa mwaka 1939, inayo hazina kubwa ya maneno ya bahari kwa sababu mwandishi wake aliwasikiliza watu wa mwambao. Wanafunzi wangu wa shahada ya kwanza, nikiwauliza tofauti ya juya, jarife na dema, huniambia kwamba zote ni "nyavu". Dema si wavu hata kidogo. Ni mtego uliosukwa.

Iko hoja dhidi yangu, nayo si ya kudharauliwa. Husemwa kwamba mtihani utakuwa wa Kiingereza, vitabu ni vya Kiingereza, na mtoto atakayeajiriwa katika meli ya kimataifa hatahojiwa kuhusu bamvua. Isitoshe, shule za Kisumu, Homa Bay na Busia zina ziwa, si bahari, na maneno yao ya uvuvi ni ya Kijaluo na lugha nyingine za huko. Hili la pili nalikubali bila kusita. Ngege, mbuta na omena yameshaingia katika Kiswahili cha Kenya, hata kama Mtanzania atasema sangara na dagaa. Mwalimu wa huko naakae na mvuvi wa huko. Lakini hili la kwanza linachanganya lugha ya cheti na lugha ya kufahamu. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mwanafunzi wa Vanga anayo tayari istilahi ya upepo, maji, chombo, mtego na samaki. Kumtaka aiache mlangoni, ajifunze upya mambo yale yale kwa maneno ambayo mwalimu wake wa kutoka bara naye anayasoma kwa mara ya kwanza, ni kupoteza mihula.

Wala sisemi kwamba wazee wanajua yote. La hasha. Juya lilipigwa marufuku mwaka 2001, na wako wavuvi ambao mpaka leo wanalitetea, ingawa hukokota chini na kuwazoa samaki wachanga kabla hawajazaa. Siku moja afisa wetu alieleza kwamba chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, kisha baadhi yao, wakiisha kukua, hugeuka madume. Ndiyo sababu mkiwavua wakubwa wote, waliobaki hukosa madume wa kutosha. Vijana walicheka. Mzee hakucheka. Alikaa kimya kitambo, kisha akauliza, "Na tewa naye yu hivyo?" Akaambiwa ndivyo ilivyo kwa aina nyingi za tewa. Akataka kujua hugeuka akifikia urefu gani, akapima kwa mkono wake juu ya meza, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, akiwaza jambo ambalo hakutwambia. Katika miaka yangu ya kufundisha chuo kikuu nimeona maswali machache yaliyoulizwa kwa haja kubwa kama lile. Liliulizwa kwa Kiswahili na likajibiwa kwa Kiswahili, na afisa yule, ambaye masomo yake yote aliyasomea Kiingereza, alijikwaa mara mbili tatu akitafuta maneno, mzee akampa.

Ninachopendekeza hakihitaji tume. Shule inayotoa somo hili ikubaliwe kupanga vipindi vya vitendo kwa jedwali la maji badala ya kengele. Kijitabu cha istilahi kiandikwe, cha bahari na cha ziwa, na wanaoulizwa kwanza wawe wavuvi, pamoja na wanawake wachokoao pweza miambani maji yakipwa. Na mvuvi mzoefu apewe njia ya kufundisha chini ya mwalimu aliyesajiliwa, alipwe kama fundi alipwavyo.

Hili la mwisho ndilo gumu. Siku ya kufunga mafunzo vilitolewa vyeti tisa, na changu kipo ofisini. Mzee hana hata kimoja. Nilipomwendea mwalimu mkuu wa shule ya jirani, nikamweleza habari za mtu huyu anayekaa umbali wa dakika kumi kwa miguu kutoka lango la shule, alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza amemaliza kidato cha ngapi.