Kuzika Wafu Katika Nchi ya Butembo na Beni

Sote tulijifunza katika katekisimu matendo saba ya huruma ya mwili, na la saba ni kuzika wafu. Watoto wengi hulitaja upesi ili wamalize somo. Kumlisha mwenye njaa kwataka chakula, na kumvika aliye uchi kwataka nguo. Lakini kuzika, nani asiyejua? Katika nchi ya Wanande, karibu na milima ya Ruwenzori, mtu akifa majirani hawangoji kuitwa. Maiti huoshwa na kuvikwa, kaburi huchimbwa, na nyumba hujaa watu usiku kucha.

Kumbe tendo hilo lililoonekana jepesi ndilo lililokuja kuwa gumu kuliko yote. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza kwamba ugonjwa wa Ebola umeingia Mangina, karibu na Beni. Ukafika Beni yenyewe, ukafika Butembo na Katwa. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameupata, na 2,287 kati yao wamekufa.

Ugonjwa huu haukomi mtu anapokata roho. Majimaji ya maiti yamejaa vijidudu, na mkono unaomwosha marehemu kwa upendo waweza kuileta mauti nyumbani kwa jamaa wote. Ndiyo sababu Msalaba Mwekundu wa Kongo uliunda makundi ya wajitolea wa mazishi, wengi wao wenyeji wa nchi ile ile.

Na hapa tuseme kweli: mwanzo haukuwa mwema. Watu waliona magari yakija, na wahudumu waliofunikwa toka kichwa hadi miguu, wasiotambulikana sura, wakimtia marehemu katika mfuko uliofungwa. Uvumi ukaenea kwamba mifukoni mna mawe, kwamba viungo vya wafu vinauzwa. Tusiwacheke waliosadiki. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wakiuawa kwa mapanga, na wengi waliuliza mbona msaada uliokawia kwa ajili ya mapanga umekuja mbio kwa ajili ya homa. Swali hilo lilikuwa na haki yake. Lakini hasira iliwaangukia wasio na kosa: tarehe 2 Oktoba 2018 wajitolea wa Msalaba Mwekundu walishambuliwa mjini Butembo wakiwa katika kazi ya mazishi, wakajeruhiwa.

Wangaliweza kuacha. Badala yake waliketi wakasikiliza, wakayaandika manung'uniko ya watu, wakaigeuza kazi yao. Tangu hapo mmoja wao hutangulia katika nguo zake za kawaida, akapiga hodi, akatoa pole, akaeleza yatakayofanyika. Wenzake huvaa mavazi ya kujikinga mbele ya jamaa, ili kila mtu aone kwamba ndani yake mna mwana wa mtu. Ikaletwa na mifuko ya maiti ya kuonea ndani, ili mama autazame uso wa mwanawe kabla ya jeneza kufungwa. Jamaa wakitaka nguo au rozari iwekwe pamoja na marehemu, huwekwa. Mahali hunyunyiziwa maji ya klorini, padre au katekista husali akisimama mbali kidogo, na wenyeji wenyewe huonyesha kaburi lichimbwe wapi. Tena katika sehemu ambazo mgeni hakuweza kukanyaga, watu wa hapo hapo walifundishwa kuzika kwa salama na kupewa vifaa.

Mzee Tobiti wa Maandiko Matakatifu alizika wafu kwa siri, akimwogopa mfalme. Wajitolea hawa walizika mchana, wakiwaogopa vijidudu na majirani pia. Hatujui ni hofu ipi iliyo nzito zaidi.

Nayo makanisa hayakukaa kimya. Milangoni yaliwekwa maji ya kunawia, na kupeana mkono wa amani kukasimama kwa muda. Jambo hilo liliwauma waamini, lakini walitii.

Sasa twafikia jambo tulilotaka hasa kulieleza. Msiba ulipokwisha, wageni walifunga mizigo yao. Wenyeji walibaki, pamoja na ujuzi wao. Mnamo Februari 2021 Ebola ilionekana tena katika upande wa Butembo: wagonjwa walikuwa 12, wakafa 6, na tarehe 3 Mei ikatangazwa kwisha. Oktoba mwaka huo huo ikarudi Beni: wagonjwa 11, wakafa 9. Kila kifo kina uchungu wake. Lakini linganisheni hesabu hizi na ile ya 3,470. Chanjo ilikuwapo, nayo ilisaidia sana. Hata hivyo chanjo haimtambui mgonjwa, wala haipigi hodi penye msiba. Kazi hiyo ilifanywa na watu waliokuwa wameshajifunza, wanaojua njia za mtaa na majina ya wenye nyumba.

Mnamo Agosti 2022 mama mmoja alifariki hospitalini Beni. Alikuwa na maradhi mengine, na mtu angeweza kuridhika na hayo. Lakini katika mji ule ilikuwa imekwisha kuwa desturi kuwapima hata waliofariki. Akapimwa, ikaonekana ni Ebola. Waliokuwa karibu naye wakatafutwa na kuangaliwa kila siku. Tarehe 27 Septemba mlipuko huo ukatangazwa kwisha, na aliyeugua alikuwa yeye peke yake.