Presha ikipanda, anza na sufuria ya familia

Baba amepima afya kazini na kipimo kimesoma 146/92. Baada ya kurudia vipimo, daktari hajamwandikia dawa. Amemwambia apunguze chumvi, afanye mazoezi na arudi baada ya miezi mitatu.

Nyumbani, mara nyingi hutokea moja kati ya mawili. Wapo wanaosema, "Kama ungekuwa mgonjwa ungepewa dawa," na maisha yanaendelea kama zamani. Wengine humpikia baba mboga yake pembeni isiyo na chumvi, naye ndani ya wiki mbili ameichoka.

Shinikizo la juu la damu ni pale vipimo vya siku mbili tofauti vinaposoma 140/90 au zaidi. Mara nyingi halina dalili. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), zaidi ya watu wazima wanne kati ya kumi wenye tatizo hili hawajui kama wanalo.

Nani anaweza kuanza bila dawa?

Kwa kawaida ni yule ambaye presha yake haijafika 160/100, na hana kisukari, ugonjwa wa moyo wala wa figo. Daktari anaweza kumpa miezi mitatu hadi sita ya kubadili maisha. Uamuzi huo ni wa daktari, si wa jirani. Mjamzito mwenye presha asisubiri hata kidogo, awahi kliniki.

Pima chumvi ya nyumba yako

WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kisichojaa kilima. Watoto wanahitaji chini ya hapo.

Fanya hesabu hii: kwa familia ya watu watano, pakiti ya nusu kilo isiishe kabla ya siku 20. Ikiisha ndani ya siku 10, mnakula mara mbili ya kiwango. Hapo hujahesabu iliyomo kwenye mkate, soseji, vidonge vya mchuzi na samaki wa chumvi.

Punguza kidogo kidogo kwenye sufuria ya wote. Baada ya wiki chache ulimi huzoea. Ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na nyanya huleta ladha. Kichupa cha chumvi kisikae mezani. Faida si ya baba peke yake, kwani watoto nao wanajifunza ladha watakayokua nayo.

Ongeza mboga na matunda. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1997, watu wenye presha waliokula zaidi matunda, mboga na maziwa yenye mafuta kidogo walishusha namba ya juu kwa wastani wa pointi 11 ndani ya wiki nane. Kwetu kuna mchicha, matembele, maharage, papai na ndizi. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza.

Tembea haraka dakika 30, siku tano kwa wiki. Mwenye uzito mkubwa aupunguze. Pombe ipungue, sigara iachwe.

Kabla ya kupima, kaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu iko chini na mkono uko usawa wa moyo. Usinywe chai wala kahawa nusu saa kabla. Andika namba kwenye daftari na uende nalo kliniki.

Muda ukiisha na presha haijashuka, kubali dawa. Umri na urithi navyo vina nguvu, na kumeza kidonge si kushindwa. Aliyekwisha kuanza dawa asiache kwa sababu namba zimependeza. Huenda zimependeza kwa sababu ya dawa hiyo hiyo.