Kionjo cha Bure Anakilipia Nani?

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini pita kwenye duka la haluwa Mji wa Kale, Mombasa, usiku wa Ramadhani, utakuta mwenye haluwa nzuri kuliko wenzake ndiye anayegawa kuliko wenzake. Sufuria ya shaba bado inatoa mvuke. Muuzaji anamega kipande kwa ncha ya kisu, anakiweka juu ya karatasi na kukusogezea kabla hujauliza bei. Samli inang'aa kidoleni, iliki inatangulia, zafarani inafuata, halafu korosho inavunjika chini ya jino. Ukimaliza unapewa kipande cha pili, cha lozi, ili ulinganishe. Ukiondoka mikono mitupu, unaagwa vizuri tu: karibu tena.

Desturi hii ina mizizi mirefu pwani yetu, na ng'ambo ya bahari pia. Kule Mutrah, Muscat, mwenye duka la haluwa hukuonjesha vivyo hivyo. Kariakoo, mwenye nanasi hukata kipande chembamba akakupa kwa kisu chenyewe. Mwenye tende huachia mteja achague moja katika kila kasha. Unguja, ziara za mashamba ya viungo huishia kwenye mkeka, wageni wakionjeshwa matunda ya msimu, na karibu yake pakiti za mdalasini na karafuu zikisubiri wanunuzi.

Mimi napenda kuonjeshwa, na sioni sababu ya mtu kuona haya. Muonja asali haonji mara moja, na muuzaji analijua hilo kuliko mteja. Ameshapiga hesabu. Anayeonja hajamdhulumu mtu, mradi gharama ya kile kipande inabebwa na aliyeamua kukitoa. Kwa mwenye haluwa hilo halina shaka: sufuria ni yake, samli ni yake, faida ni yake na hasara ni yake. Mambo hubadilika biashara inapokuwa kubwa, pale anayetoa ruhusa ya kugawa anapokuwa mtu mmoja na anayelipa akawa mwingine.

Tuanze na hesabu yenyewe, kwa sababu wengi hudhani kionjo ni kitu kidogo. Chukua mfano wa mama anayetengeneza siagi ya karanga na kuiuza kwenye supamaketi za Nairobi. Tuseme chupa moja inamgharimu Sh150 na anapata faida ya Sh40 kwa kila chupa. Siku ya kuonjesha anafungua chupa tano, yaani Sh750. Dada wa promosheni atakayesimama pale kutwa nzima na aproni na kofia analipwa Sh1,000. Mkate, vijiti vya meno na karatasi za kujifutia, Sh400. Nauli na kubeba meza, Sh200. Jumla Sh2,350. Ili arudishe fedha hiyo tu, bila senti ya ziada, lazima auze chupa 59 zaidi ya zile ambazo angeuza siku ya kawaida. Ni nadra kufika huko kwa siku moja. Anachokitegemea ni wale watakaorudi mwezi ujao na mwezi wa baadaye, wakichukua chupa yake bila kuonjeshwa tena. Kwa hiyo kionjo ni mtaji uliowekwa leo kwa matumaini ya kesho, na mwenye biashara ndogo huweza kuumudu mara chache tu kwa mwaka.

Ipo biashara moja kubwa hapa kwetu ambayo haiwezi kwenda hata wiki moja bila kionjo, ingawa anayeonja hamezi. Mnada wa chai wa Mombasa ulianzia Nairobi mwaka 1956 ukahamia Mombasa mwaka 1969, na leo unauza chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na nchi nyingine za kanda hii, kwa dola. Kabla ya chai kuuzwa, dalali huchota sampuli kwenye mzigo uliolala ghalani na kuwapelekea wanunuzi. Ingia chumba cha waonjaji uone. Vikombe vyeupe vimepangwa kwa safu ndefu juu ya meza, kila kimoja na majani yake yaliyokwisha kutiwa maji ya moto, yamewekwa pembeni ili rangi yake isomwe. Mwonjaji anapita na kijiko, anafyonza kwa kishindo ili chai imtapakae kinywa kizima pamoja na hewa, anatema kwenye chombo, anataja neno moja au mawili kwa mwandishi, anasogea kikombe cha pili. Sekunde chache hizo ndizo zinazoamua iwapo mkulima wa Kericho au wa Nyaruguru, Rwanda, atalipwa vizuri. Sampuli hiyo ni chai ya mzalishaji, imetoka mfukoni mwake. Hata hivyo sijasikia mkulima akiilalamikia, maana bila kionjo asingekuwa na njia ya kuthibitisha kwamba chai yake ni bora kuliko ya jirani. Tanzania ilipofungua mnada wake wa chai Dar es Salaam mwaka 2023, utaratibu huo huo wa sampuli ulikuja nao.

Makampuni makubwa yalielewa zamani kwamba kionjo ni mtaji. Coca-Cola ilipokuwa bado changa huko Atlanta, mwishoni mwa karne ya 19, ilisambaza kuponi za kumpatia mtu glasi ya bure. Hesabu za kampuni yenyewe zinasema kuponi zilizotumika kati ya 1894 na 1913 zilifika milioni 8.5. Wengi waliokunywa ile glasi ya kwanza hawakuhitaji kuponi kwa ya pili.

Sisi tumeona kionjo cha ukubwa wa nchi nzima. Machi 2020, korona ilipoingia Kenya, ada ya kutuma fedha kwa simu zisizozidi Sh1,000 iliondolewa. Mwanzoni ilikuwa kwa miezi michache, kisha Benki Kuu ikasogeza mbele hadi mwisho wa mwaka. Nia ilikuwa kupunguza kushikana noti, na ilikuwa nia njema. Benki Kuu ilipotoa tathmini yake Desemba, ilisema wateja wapya milioni 2.8 walikuwa wameanza kutumia fedha za simu tangu Februari. Januari 2021 ada zikarudi. Watu walinung'unika, lakini hawakurudi kwenye noti. Mama mboga aliyezoea kulipwa kwa simu mwezi Julai hakuwa na haja ya kubeba chenji mwezi Februari. Simlaumu yeyote hapa: huduma ilikuwa ya kweli na gharama ilibebwa na wenye mtandao. Ila mtu akitaka kujua thamani ya kitu kinachotolewa bure, na atazame siku kinapoacha kuwa bure.

Mahali pengine jambo hilo hilo limeua. Katika miaka ya 1970, watengenezaji wa maziwa ya kopo ya watoto walikuwa wakigawa makopo ya bure kwa akina mama hospitalini katika nchi maskini, na mwaka 1977 wanaharakati nchini Marekani walianzisha mgomo wa kutonunua bidhaa za Nestlé kwa sababu ya biashara hiyo. Maziwa ya mama huja kwa kunyonywa. Mtoto akishibishwa kwa chupa, hanyonyi vya kutosha, na maziwa ya mama yanapungua. Kopo la bure likiisha, mama anakuta hana budi kununua la pili, naye hana fedha, basi anazidisha maji, na maji yenyewe si salama. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni zinazokataza kuwapa akina mama sampuli hizo, na Kenya ikatunga sheria yake mwaka 2012. Katika mambo yote ninayoyataja hapa, hili ndilo ambalo mlipaji hakuwa hata na uwezo wa kusema: alikuwa mtoto wa wiki mbili.

Turudi sokoni, kwenye zawadi iliyozoeleka kuliko zote, nyongeza. Umenunua fungu la nyanya, unamwambia muuzaji "niongeze, mama," naye anadondosha mbili kwenye mfuko. Ni utamu mdogo wa soko, na mteja asiyeongezwa huhama kibanda. Sasa ipandishe nyongeza hiyo hadi shambani. Kule Njombe na Mbeya, mnunuzi wa jumla anataka gunia la viazi lishonewe kilemba juu, likibeba kupita kipimo huku bei ikibaki ya gunia moja. Watanzania wanaliita lumbesa. Sheria ya vipimo inakataza, na Wakala wa Vipimo hukamata magari barabarani mara kwa mara, lakini lumbesa haijafa. Kenya nayo ilitunga kanuni za viazi mwaka 2019 zikitaka mfuko usizidi kilo 50, na wakulima wa Nyandarua bado wanapambana na madalali wanaofika na mifuko yao mikubwa na kusema chukua au acha.

Mkulima hawezi kuacha. Viazi vimeshachimbwa, mvua inakaribia, ghala hana. Ile nyongeza anayoitoa haina hata faida ya kionjo, kwa sababu mlaji wa Dar es Salaam hajui imetoka kwa nani, wala hatarudi kumtafuta mkulima huyo. Kilo zile huishia mifukoni mwa watu wa kati. Dawa yake inajulikana, ni mizani: kununua kwa kilo, shambani, mbele ya mkulima. Kila mkutano wa kilimo unalisema, na kila msimu magunia yenye vilemba yanapanda lori.

Supamaketi ina lumbesa yake, imevaa suti tu. Mwaka 2019 kampuni ndogo ya kutengeneza mtindi, Orchards Limited, iliipeleka Majid Al Futtaim, inayoendesha maduka ya Carrefour nchini Kenya, mbele ya Mamlaka ya Ushindani. Miongoni mwa malalamiko: kukatwa asilimia ya mauzo, kudaiwa bidhaa za bure, na kutakiwa kuweka wafanyakazi wake ndani ya duka kupanga rafu kwa gharama yake. Mamlaka ilikubaliana na mlalamikaji Februari 2020, na Baraza la Rufaa za Ushindani likaunga mkono uamuzi huo Aprili 2021, likiagiza mikataba na wasambazaji irekebishwe. Desemba 2023 Mamlaka iliitoza kampuni hiyo hiyo faini ya takriban Sh1.1 bilioni kutokana na malalamiko ya Pwani Oil na ya Woodlands, msambazaji wa asali.

Kesi hizi zinanigusa kwa sababu zinaonyesha upande ambao mteja hauoni. Mtu anapita katikati ya rafu siku duka linafunguliwa, anapewa kikombe cha mtindi, anaona ofa ya nunua mbili upate moja, anafurahi na kulisifu duka kwa ukarimu. Kumbe duka halijatoa kitu. Aliyetoa ni yule mwenye mtindi, pengine akiwa hajalipwa mzigo wa miezi mitatu iliyopita. Wakenya wana kumbukumbu ya hilo: supamaketi za Nakumatt zilipoporomoka na hatimaye kufungwa mwaka 2020, wasambazaji walibaki wakidai mabilioni.

Mwenye haluwa huamua mwenyewe amege kipande kikubwa au kidogo, na akiishiwa anaacha kugawa. Mwenye mtindi akiacha kugawa, bidhaa yake inatoka rafuni. Kwa hiyo kinachotakiwa kuandikwa kwenye mkataba ni kidogo na cha wazi: siku ngapi za kuonjesha kwa mwaka, chupa ngapi, nani anamlipa dada anayesimama mezani, na malipo ya mzigo uliouzwa yafike lini. Duka linalotaka kionjo zaidi ya hapo linunue chupa hizo kwa bei ya jumla kama linavyonunua nyingine. Sheria ya Kenya kuhusu nguvu ya mnunuzi tayari inampa msambazaji pa kusimamia, lakini anayelalamika hutaja jina lake na la bidhaa yake, na kesho anarudi kwenye duka lile lile kuomba oda. Orchards walithubutu. Mamlaka ikitaka wengine wathubutu, ianze yenyewe kukagua mikataba ya maduka makubwa yote kila mwaka, pasipo kungoja mwenye chupa tano za siagi ya karanga aende kushtaki.