Kukata na Kuunga Rodape Penye Pembe za Chumba



Mara hii tunaeleza kazi ndogo inayowagombanisha mafundi seremala na wenye nyumba: kufunga rodape, yaani ule ubao unaozunguka chini ya ukuta. Taabu yake ipo penye pembe. Pembe ikiacha ufa, fundi huambiwa ameharibu mbao, na mara nyingi thamani yake hukatwa katika ujira. Nasi twajua kuwa umbila, ambayo wenzetu wa Tanzania huiita mninga, si mbao ya kuchezea.

Chanzo cha kwanza ni kuta. Nyumba za kale za Ibo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta ni nene na pembe zake aghalabu si mraba kamili. Baada ya kimbunga Kenneth cha tarehe 25 Aprili 2019, nyingi zilihitaji matengenezo. Katika nyumba kama hizo, anayekata kila ubao digrii 45 bila kupima anabahatisha tu.

Pembe inayotokeza nje. Laza kipande cha ubao sakafuni kando ya ukuta mmoja, kipite pembe, kisha piga mstari kwenye ukingo wake wa nje. Fanya hivyo hivyo upande wa pili. Mistari itakutana. Mstari unaotoka kwenye pembe ya ukuta hadi makutano hayo ndio njia ya msumeno. Kama pembe ni digrii 92, kila ubao huchukua nusu yake, digrii 46, tukipima kutoka uso wa ubao.

Pembe ya ndani. Hapa tusiunge kwa mikato miwili ya mshazari. Ubao wa kwanza ukatwe wima, uguse ukuta. Wa pili ukatwe kwanza mshazari wa digrii 45 ili umbo la nakshi lionekane ukingoni. Kisha fuata umbo hilo kwa msumeno mwembamba, ukiulaza kidogo ili upande wa nyuma upungue. Maliza kwa tupa na msasa. Ubao huo utaukumbatia wa kwanza, hata pembe ikiwa imepinda.

Kuna faida nyingine. Pwani yetu mbao hunywa unyevu wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili, na husinyaa kiangazi. Mikato miwili ya mshazari ikisinyaa hufunguka mbele ya macho. Ubao uliokumbatia mwenziwe huficha ufa. Hata hivyo, mbao zikae chumbani siku kadhaa kabla ya kukatwa, na mgongo wake upakwe rangi dhidi ya unyevu wa ukuta.

Basi, ndugu, kabla ya kuanza tupatane na mwenye kazi juu ya muda wa kupima, ubao wa akiba, na nani atabeba hasara. Anayelipwa kwa chumba hukimbizwa, na haraka haraka haina baraka. Vijana wanaojifunza nao wapewe vipande vibovu wafanyie mazoezi, wasijifunzie kwenye mbao ya kulipa.