Usafiri wa vijana peke yao kwa treni

Usafiri wa vijana peke yao kwa treni ni safari ya reli inayofanywa na mtoto au kijana bila kufuatana na mzazi, mlezi au mtu mzima mwingine. Hakuna kanuni moja ya dunia nzima. Kila shirika la reli hujiwekea umri na masharti yake.

Mfano wa Marekani

Shirika la Amtrak, lililoanza kusafirisha abiria mwaka 1971, huwaruhusu wenye miaka 16 na zaidi kusafiri kama abiria wengine. Wenye miaka 12 au chini hawapandi bila mtu mzima. Wenye miaka 13 hadi 15 hukubaliwa kwa masharti: safari isiwe ya usiku, iwe ya treni moja bila kubadilisha, na stesheni zote mbili ziwe na wafanyakazi. Mtu mzima humfikisha kijana na kutia saini fomu. Mwingine humpokea mwisho wa safari. Mfanyakazi wa stesheni huzungumza naye kwanza ili kupima kama anaweza kujitegemea, kisha humvika bangili ya utambulisho. Hata hivyo nauli yake ni ya mtu mzima! Hadi mwaka 2011 umri wa kuanzia ulikuwa miaka 8.

Ni wazi kwamba masharti hayo yanahofia stesheni kuliko mwendo wa treni. Nje ya eneo la kaskazini-mashariki, treni za Amtrak hupita zaidi kwenye reli za makampuni ya mizigo, na kuchelewa kwa saa kadhaa si jambo geni. Treni iliyopangwa kufika saa 2 usiku inaweza kufika usiku wa manane, na kijana aliyepaswa kuunganisha treni nyingine hubaki mahali asipomjua mtu.

Hatari katika nchi nyingine

Hofu hiyo ni ya zamani. Mwaka 1894 huko Berlin, Ujerumani, ilianzishwa huduma ya Kikristo ya stesheni, Bahnhofsmission, ili kuwalinda wasichana waliotoka vijijini kutafuta kazi. Matapeli waliwangojea pale pale waliposhukia. Huduma hiyo ipo hadi leo.

Nchini Japani, ambako hata watoto wa shule ya msingi hupanda treni peke yao, tatizo kubwa limo ndani ya behewa: wasichana hushikwashikwa katika msongamano wa asubuhi. Mwaka 2005 reli nyingi za Tokyo zilitenga mabehewa ya wanawake.

Maandalizi

Kijana anapaswa kujua jina la kituo kinachotangulia chake, kukaa karibu na abiria wengine au mhudumu wa behewa, na kutoshuka njiani kununua chakula. Namba ya simu ya anayempokea iandikwe pia kwenye karatasi, kwa kuwa simu huisha chaji.