Hedhi Imekoma, Estrojeni Haijakoma

Msomaji wa Itebero, kwenye barabara ya Bukavu kwenda Walikale, ameuliza: mama yake ana miaka sitini na ushei, hedhi ilimwacha zamani, kansere ya ziwa inamtakia nini tena? Wengi hudhani ugonjwa huu huondoka pamoja na uzazi. Sivyo. Umri unavyosonga ndivyo hatari inavyopanda. Mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani waligundulika nao, na karibu nusu ya wagonjwa hawana sababu inayojulikana ila kuwa wanawake waliopita miaka 40.

Kinachostaajabisha ni estrojeni, homoni inayolisha sehemu kubwa ya saratani za matiti ya wazee. Ovari zikishaacha kazi, inatoka wapi? Chukua kiwanda cha mawese kilichofungwa. Michikichi haikukatwa, inazaa ngazi kama kawaida, na kila nyumba ina kinu chake. Mafuta hayataadimika. Mwilini, michikichi ni tezi zilizo juu ya figo, zinazoendelea kutoa homoni ghafi. Nyumba ni seli za mafuta, hata zilizomo ndani ya titi lenyewe. Kinu ni kimeng'enya kiitwacho aromatasi, kinachogeuza homoni hizo kuwa estrojeni. Ndiyo maana unene baada ya hedhi kukoma huongeza hatari: vinu ni vingi. Dawa nazo zimepita humo humo. Anastrozoli hufunga vinu. Tamoksifeni huviacha vikamue, ila hukalia kipokezi cha seli ya saratani, yaani chombo cha kukingia mafuta, yakakosa pa kuingia. Zote ni vidonge, na zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hutolewa kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kikionyesha kuwa vipokezi vipo.

Kazi za mwili na kupunguza pombe husaidia, lakini hazitoshi. Mama ajipapase titi lote hadi kwapani kwa matumbo ya vidole. Uvimbe mgumu, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyozama au inayotoa damu: asisubiri maumivu, maana saratani changa mara nyingi haiumi. Uvimbe mwingi si saratani, ila kipimo ndicho husema. Aende kituo cha afya, aombe barua ya kutumwa Bukavu au Goma. Nanyi wana na wajukuu, mchangieni nauli wiki hiyo hiyo, msingoje mavuno.