Hawala ya Dzaleka

Sokoni Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, baina ya mwanamke auzaye dagaa wakavu waitwao usipa na fundi wa baiskeli, kipo kibanda chekundu ambacho upana wake hauzidi mlango, na tangu asubuhi mapema watu hujipanga mbele yake, wakisemezana kwa Kiswahili cha Uvira, kwa Kirundi na kwa Kichewa. Mama mmoja humpa wakala simu yake ya vitufe. Wakala huusoma ujumbe kimoyomoyo, akamnong'oneza kiasi kilichoingia ili walio nyuma wasisikie, kisha humrudishia aandike mwenyewe namba ya siri, naye huugeuza uso wake upande wa barabara hata mama amalize. Fedha alizotumiwa na mwanawe aliyeko Lilongwe huhesabiwa juu ya ubao, noti kwa noti, tena mara mbili.

Jambo hili la kutumiana fedha kwa simu, ambalo sasa halimshangazi mtu, lina umri mdogo. Airtel Money iliingia Malawi mwaka 2012, na Mpamba ya kampuni ya TNM ikafuata mwaka 2013, zote mbili zikipita njia iliyokwisha kufyekwa na M-Pesa ya Kenya tangu 2007. Kabla ya hapo, aliyetaka kumpelekea mzazi wake fedha kutoka Lilongwe hadi Dzaleka, mwendo wa kilomita 45 hivi, alimtafuta dereva wa basi dogo amjuaye, akamkabidhi bahasha, akamwomba Mungu.

Kwa nini mtu huikubali ala mpya ilhali jirani yake huikataa? Mtaalamu wa Kimarekani, Fred Davis, alijibu mwaka 1989 kwamba mambo ni mawili: mtu aone kuwa chombo kitamfaa, na aone kuwa hakitamtaabisha. Rai hiyo ni sahihi kwa kadiri yake. Wepesi upo, maana huduma hii haihitaji intaneti wala simu ya thamani. Mwenye Mpamba hubonyeza *444#, na orodha ikamfungukia hata kwenye kioo cha simu duni kabisa. Manufaa nayo hayataki ushahidi kwa mtu aliyewahi kuingoja bahasha isiyofika. Walakini Davis aliwachunguza watu wa maofisini na wanafunzi wa biashara, ambao programu ikiwaudhi wangeweza kuirudia kalamu yao, na hali za Dzaleka si hizo.

Mahali hapa, wilayani Dowa, palikuwa gereza la wafungwa wa siasa zama za Rais Kamuzu Banda, hata mwaka 1994 pakafanywa kambi ya wakimbizi. Na kambi hiyo, iliyokusudiwa watu wapatao 12,000, leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, ambao sheria yawataka wakae humo humo. Benki humdai mteja kitambulisho, na kile cha taifa, ambacho raia waliandikishiwa kwa mamilioni mwaka 2017, si haki ya mkimbizi. Laini ya simu nayo sharti isajiliwe. Ndiyo sababu wako watumiao laini iliyoandikwa kwa jina la rafiki aliye raia, na siku wakigombana, fedha ni za mwenye jina.

Kisha ukaja mwaka 2023. Machi Serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakikaa na kufanya biashara mijini warejee kambini, na Mei polisi wakaanza kuwakusanya Lilongwe. Mwenye duka aliyechukuliwa hakuweza kubeba rafu wala magunia ya sukari. Alichoweza kuondoka nacho ni simu, na salio lililomo. Mtu aliyekimbia vita akaacha nyumba, halafu akahamishwa tena akaacha duka, hukipima kila chombo kwa swali moja: je, nikiondoka usiku, kitaondoka nami? Hayo ndiyo manufaa kwake, na katika maandiko ya wataalamu sijayaona yakipewa nafasi yanayostahili.

Wala nisije nikaisifu simu kupita kiasi. Kwacha, sarafu ya Malawi, iliposhushwa thamani kwa asilimia 44, Novemba mwaka ule ule, fedha zilizokuwa simuni zilipungua nguvu sawasawa na zile za chini ya godoro.

Tena simu peke yake haimvuti mtu pasipo kumwamini mtu mwingine, na imani hiyo ni ya kale. Waswahili waliofika Nkhotakota, kando ya Ziwa Malawi, katika karne ya 19 wakifuata pembe za ndovu, walitoka katika pwani ambako tajiri wa Unguja kama Taria Topan alimkopesha mfanyabiashara Tippu Tip mali ya safari ya miaka, dhamana ikiwa ni kujuana. Hawala ni kongwe kuliko mtandao, na aghalabu haikuhitaji ila mtu mwaminifu huku na mtu mwaminifu kule. Naona mambo hayajabadilika sana: mgeni aliyeingia kambini juzi, kabla hajauliza makato ni kiasi gani, huuliza ni wakala yupi, ni mtu wa wapi, na anasali wapi.

Yule wa kibanda chekundu aghalabu huishiwa na noti ifikapo adhuhuri, akafunga dirisha kwenda kutafuta nyingine. Hatua kumi kutoka hapo yuko wakala mwingine mwenye noti tele na hana foleni. Mama huigeuza ndoo yake kifudifudi, akaketi juu yake, akamngoja wa kwake arudi.